Herufi Zilizopona

Globe, Arizona
20 Oktoba 1985

Dada yangu Aili,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta umeshachimba viazi kabla ardhi haijaganda. Huku Oktoba bado ni jua tupu. Nyanya zangu zimekaukia mtini, na paka wa jirani amezaa chini ya kibaraza changu bila hata kubisha hodi. Mimi sijambo. Nikisema sijambo nina maana ya shingoni kwenda chini, maana kwenda juu mambo si mazuri. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linakufa kwa adabu, polepole. Ndiyo malipo ya kutoboa mwamba mgodini miaka yote ile. Uliponipigia simu Agosti nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Mpaka leo sijui ulisema nini. Kama ulinialika kwenye harusi ya mtu, niombee radhi.

Basi nimepata wazo, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Katika chumba kile ulichokifunga kuna kompyuta. Najua hupendi nikitaje chumba hicho, nami nakitaja mara hii moja. Jirani yangu hapa kaniachia kompyuta ya aina ile ile, mwanawe amekwisha kuichoka. Kando ya hiyo yenu kuna kisanduku cha kijivu chenye taa nyekundu. Kinaitwa modemu. Kinachukua herufi unazopiga na kuzigeuza mlio, mlio unapita kwenye waya wa simu, na modemu yangu huku inaugeuza mlio kuwa herufi tena. Wewe unaandika huko, mimi nasoma papo hapo, wala sihitaji sikio.

Fanya hivi. Tia diski iliyoandikwa SIMU. Programu ikifunguka, usipige kwanza. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, utakuta maswali. Kasi, weka mia tatu, ndiyo pekee ninayoimudu mimi na kisanduku changu. Biti za herufi, saba. Ukaguzi, chagua shufwa. Biti ya kufungia, moja. Mwangwi, uwashe, ili uone unachoandika. Pande zote mbili lazima zilingane, kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno mmoja. Mmoja akivuta pale alipotakiwa kusukuma, hakuna kuni.

Namba yangu unayo. Kila Jumapili alasiri, ukishatoka kanisani na kula, nitakuwa nimewasha ya kwangu nikikungoja.

Nduguyo,
Reino


Aura, Michigan
12 Novemba 1985

Mdogo wangu Reino,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona mkono wako bado unaandika vizuri hata kama masikio yamekukimbia. Viazi vimetoka vizuri. Theluji ya kwanza imeshaanguka. Paa la sauna yetu ya kuogea mvuke linavuja upande wa jiko, na Hilja Ruona, jirani yangu, kanipatia kipande cha bati. Hilja amepungua kilo mbili na anamtangazia kila anayepita njiani. Mchungaji alikuja tena. Alikula vipande vinne vya mkate wa iliki, kisha akaanza habari za jiwe la makaburini. Nikamwambia kahawa imekwisha.

Mwanangu Eero hana kaburi, na mimi siweki jiwe juu ya nyasi tupu. Machi ya mwaka jana waliiona mashine yake ya kuendea juu ya theluji imelala ukingoni mwa maji kwenye barafu ya ghuba, yeye hawakumwona. Hayo unayajua. Nayaandika mimi ili usije ukayaandika wewe.

Chumba nimekifungua. Nilikaa kitandani mwake kwa muda kabla sijagusa kitu. Shati lake la kazi bado liko nyuma ya mlango, na lilikuwa linanuka mafuta ya mashine, kidogo tu.

Nilifanya kama ulivyoelekeza mpaka kwenye ukurasa wa mipangilio. Nikakuta imeshajazwa. Kasi ilikuwa mia tatu, lakini biti zilikuwa nane, na penye ukaguzi paliandikwa hakuna. Ni yeye aliyeiweka hivyo. Sikubadilisha. Sikuwa na moyo wa kufuta kitu alichokiweka kwa vidole vyake.

Jumapili nikapiga. Modemu ikalia kama birika, taa ikawaka, na skrini ikajaa takataka. Viraba, mistari, nusu miduara, na herufi mojamoja hapa na pale kama meno ya mzee. Neno moja tu lilikuja zima, kwa herufi ndogo: eero. Likafuatwa na takataka, halafu eero tena. Halafu tena. Mimi sikuandika kitu. Nilizima nikaenda kupasua kuni.

Najua wewe ni mtu wa utani tangu utoto. Lakini mbona uliandika jina lake?

Dada yako,
Aili


Globe, Arizona
15 Desemba 1985

Dada Aili,

Heri ya Krismasi inayokuja, na unisamehe kwa kuchelewa. Hapa nilikuwa na shughuli, hazina maana, tusipoteze wino. Watoto wa paka wamefungua macho. Mmoja ana kichwa kikubwa kama cha marehemu mjomba Arvo, nami nimempa jina hilo hilo.

Sasa tuzungumze. Sikuandika jina la Eero. Jumapili ile mashine yangu ilikuwa imezimwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwapo nyumbani. Nadhani ulisahau kuanza na namba ya jimbo, ukampigia mtu wa huko huko Michigan mwenye modemu kama yetu. Na jina la Eero huko kwetu limejaa kama mbu wa Julai.

Zile takataka nazo zina maelezo yake, ngoja nikueleze maana najua zimekutia hofu. Kila herufi husafiri kama mstari wa taa saba, nyingine zimewaka, nyingine zimezimwa. Taa ya nane ni ya mkaguzi. Kazi yake ni kuhakikisha zilizowaka zinakuwa shufwa, yaani zinagawika kwa mbili. Zikiwa tayari shufwa, mkaguzi anabaki kimya. Zikiwa witiri, anawasha ya kwake kukamilisha. Sasa mashine ya Eero imeambiwa hakuna mkaguzi na taa zote nane ni herufi. Kwa hiyo kila mkaguzi anapowasha taa yake, mashine inaona kitu kisicho herufi na inachora kiraba. Nimekaa na penseli nikazihesabu zote. Herufi ndogo zinazopita salama ni kumi na mbili tu: c, e, f, i, j, l, o, q, r, t, w, x. Nyingine zote huharibika.

Tazama hapo. E, r, o. Jina la mtoto wetu limeundwa kwa herufi zilizopona tupu. Ndiyo maana lilikuja zima na mengine yote yakasagika. Hakuna zaidi ya hapo.

Nitakuwa mkweli, kuna jambo moja penseli yangu haikulimaliza. Kosa hili huharibu herufi, haliongezi. Kama neno lilifika, kuna aliyeliandika. Lakini huyo ni mtu wa Michigan anayemwandikia Eero wake, sisi hatumjui.

Badilisha mipangilio, dada. Saba, na shufwa. Haitamfuta mtu. Anza na namba ya jimbo. Nitakungoja Jumapili zote baada ya mwaka mpya.

Na lile jiwe, Aili. Nimelitaja, basi.

Reino


Aura, Michigan
27 Januari 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Baridi ya mwaka huu ina meno. Bomba la jikoni liliganda, mimi na Hilja tukalikanda kwa matambara ya maji moto kama mtoto mwenye homa. Hilja zile kilo mbili zimemrudia na ndugu zao, ila hilo hatangazi. Kuni zinatosha. Nalala vizuri.

Nakushukuru kwa Jumapili zetu. Nilibadilisha kama ulivyosema, nikaanza na namba ya jimbo, na maandishi yanakuja safi, kila herufi mahali pake, polepole kama mtu anayefuma soksi. Mara ya kwanza nilipoona neno linajiandika lenyewe mbele yangu nililia kidogo. Hilo sikukuandikia kwenye mashine maana niliona haya.

Mimi si mtu wa maneno mengi na naona kule hata wewe umekuwa hivyo. Utani wote umeuacha kwenye barua. Na adabu pia, nikuambie ukweli. Kila Jumapili, kabla ya salamu, unaniuliza: barafu imeshika? Mara ya kwanza nilijibu bado, mpaka gati tu. Jumapili iliyofuata nikasema imeshika mpaka kwenye mwamba mweusi. Ya tatu nikakwambia imeshika mpaka kisiwani. Ukaandika, nenda ukaone. Nikacheka, wewe uliyekuwa ukiikimbia barafu tangu utoto hata mama akakuita kuku.

Nimekwenda mara mbili. Sikufika mbali. Buti zinakauka kando ya jiko hapa ninapoandika. Kuna utulivu mkubwa kule, Reino. Sikuwa nimekanyaga ghuba tangu Machi ile.

Unaniita Aiju. Nilidhani umekwisha kulisahau jina hilo la utotoni.

Dada yako,
Aiju


Globe, Arizona
3 Februari 1986

Dada Aili,

Naruka salamu, nawe utanisamehe, maana nataka barua hii iwahi posta.

Si mimi.

Sijaigusa mashine tangu kabla ya Krismasi. Nyumba yangu imefungwa, ufunguo uko kwa jirani, na waya wa simu nilimwambia auchomoe kwa sababu ya radi. Hakuna kitu huku kinachoweza kukujibu. Nimekuandikia barua maisha yangu yote tangu nilipotoka nyumbani, je, ni lini nilikuuliza jambo kabla ya kukusalimu?

Usiijibu tena habari za barafu. Usiipigie. Na kwa jina la mama yetu, usitoke kwenda kwenye ghuba.

Reino


Aura, Michigan
16 Februari 1986

Reino,

Natumaini u mzima. Hapa sote wazima. Paa la sauna limeshika. Hilja anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama pale pale. Unasema nyumba yako imefungwa. Husemi wewe uko wapi. Na huo mwandiko si wako. Wako umelala kama nyasi zilizopigwa upepo, huu umesimama wima kama wa mwalimu wa shule. Basi nani kati yetu anazungumza na mtu asiyemjua?

Nilipiga tena Jumapili baada ya kupata barua hiyo. Ndiyo, nilipiga. Nilitaka kumwambia aliyeko kule kwamba nimeambiwa yeye si ndugu yangu. Nikaandika: wewe ni nani? Kisha ikaandika: barafu imeshika?

Nikaandika: sijibu mpaka useme jina.

Ikaandika jina. Herufi ndogo, kama mara ya kwanza.

Sasa utaniambia hesabu zako. Nimezisoma na nimezielewa, mimi si mjinga. Mipangilio sasa ni saba na shufwa, hakuna kinachoharibika, na jina ni lile lile. Nilimwambia, ndiyo, imeshika. Nimefika mwamba mweusi Alhamisi. Anasema nije upande wa magharibi wa kisiwa. Sijaamua.

Usinitumie mchungaji.

Aili


Globe, Arizona
26 Februari 1986

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo ya kweli safari hii, ya mtu anayekuangukia miguuni.

Niko hospitali. Niko hapa tangu mwisho wa Desemba, na ile Jumapili ya Novemba nilikuwa hapa hapa. Ni moyo. Nilikuficha kwa sababu umeshampoteza mmoja, nikaona si haki nikupe wa pili wa kumngojea. Mwandiko uliousoma ni wa Bi Bustamante, muuguzi wa wodi yetu, na huu pia ni wake. Nasema, yeye anaandika. Hapa ameacha kalamu kidogo ili afute macho, nami nimemwambia aliandike na hilo.

Nilipomsomea barua yako aliniuliza kama dada yangu ana akili timamu. Nikamwambia kuliko mimi. Kwa hiyo sikwambii kwamba unaota. Nakuomba ufanye jambo moja, na ulifanye mchana kweupe.

Washa mashine. Ingia kwenye mipangilio, pale penye mwangwi, uuzime. Mwangwi ukiwaka, kila unachopiga mashine yako inakuonyesha, na mtu mpweke anaweza kuandika mwenyewe na kujisoma akadhani kajibiwa. Simaanishi wewe umefanya hivyo. Namaanisha tuondoe hilo kwanza. Ukiuzima, vidole vyako havitaonekana kabisa. Kitakachoonekana kitakuwa kimetoka nje.

Halafu vuta waya wa simu ukutani. Uushike mkononi. Kaa utazame.

Skrini ikibaki tupu, basi kuna mtu mahali fulani mwenye roho mbaya, anayekujua, na tutamtafuta kwa polisi mpaka tumpate. Isipobaki tupu, usisome. Toka nje ya nyumba hiyo, nenda kwa Hilja, usirudi mwenyewe.

Reino wako


Aura, Michigan
23 Machi 1986

Mdogo wangu Reino,

Nakusalimu, na umsalimie Bi Bustamante, umwambie namshukuru kwa mwandiko wake na kwa machozi yake. Ungeniambia habari ya moyo. Ningekasirika, kisha ningekufumia soksi. Sasa nimekasirika na soksi nimeanza hata hivyo. Kula wanachokupa, hata kikiwa hakina chumvi.

Nilifanya ulivyoniomba. Ilikuwa Jumapili, jua linawaka juu ya theluji mpaka macho yanauma. Nilizima mwangwi. Nilivuta waya ukutani nikauweka mapajani ili niuone. Nikapiga herufi kadhaa kujaribu, hazikuonekana, ndivyo ulivyosema itakuwa. Kisha nikakaa.

Kilichofuata sikiandiki.

Nilivaa buti. Hilo litakutosha.

Nilikuwa nimeshapita gati niliposikia mtu anahema nyuma yangu. Ni Hilja, na koti amevaa juu ya nguo ya jikoni. Kumbe ulimpelekea telegramu, asubuhi ile ndiyo imemfikia. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia kisiwani.

“Kisiwani kuna nani?”

Nikaendelea kutembea, naye akaendelea. Nikamwambia arudi, barafu ya Machi haina imani. Hilja akasema, “Ndiyo sababu nakuja. Mimi nina kilo tisini na mbili, Aili, na ole wako umwambie mtu. Ikinibeba mimi na wewe, basi tutafika. Isiponibeba, utarudi nyumbani kwenu ukiwa umeniua. Chagua.”

Nikadhani ni maneno tu. Lakini alinifuata, hatua kwa hatua, na baada ya muda barafu ikaanza kulia chini yake, mlio mrefu unaokimbia mpaka ng’ambo. Akasimama. Akafumba macho. Hakurudi nyuma hata unyayo mmoja. Mwanamke ambaye hapandi kiti kubadilisha balbu.

Reino, nilitazama kisiwa. Kilikuwa karibu. Sitasema sikutaka kwenda, nilitaka kama mtu mwenye kiu. Lakini yule pale nyuma yangu alikuwa hai na alikuwa anaogopa. Nikageuka, nikamshika mkono, tukarudi tukikanyaga nyayo zetu wenyewe. Gatini tulikaa chini kwenye theluji kama walevi.

Kabla ya chakula cha jioni upepo wa kusini ukaingia. Tulisimama dirishani kwa Hilja tukaona ghuba nzima inapasuka, na mwamba mweusi umebaki peke yake katikati ya maji.

Niko kwa Hilja mpaka sasa. Anakoroma.

Dada yako,
Aili


Globe, Arizona
6 Aprili 1986

Dada Aili,

Salamu kwako na kwa Hilja, ambaye nikija nitambusu mbele ya watu, apende asipende. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, tazama unavyolala. Nimerudi nyumbani. Daktari amesema nisibebe kitu kizito kuliko sufuria, na safari ya ndege amekataa. Arvo amekuwa paka mkubwa, amenisahau.

Nilipoingia ndani jambo la kwanza nilikwenda kuitazama mashine yangu. Waya ulikuwa juu ya meza, umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi, kama jirani alivyouacha. Vumbi juu ya vitufe halijaguswa. Nilichukua kompyuta na modemu, nikampelekea mtu wa takataka mwenyewe, nikasimama mpaka gari lilipoondoka.

Nina swali moja na sitalirudia. Waya ukiwa mapajani, iliandika nini?

Reino


Aura, Michigan
8 Juni 1986

Mdogo wangu Reino,

Salamu nyingi. Soksi nimezituma, jozi mbili, na najua huko ni joto, uvae hivyo hivyo. Mchicha umeota. Hilja ameng’oa jino na amekosa raha siku kadhaa kwa kuwa hawezi kula wala kusema.

Wamempata Eero.

Ni watu wawili waliokuwa wakivua upande wa mashariki wa ghuba, kule kwenye mdomo wa mto, ndani ya matete. Mkanda wake niliutambua, na ile soksi niliyomfumia yenye kisigino cha rangi nyingine. Sikuombwa kutazama zaidi ya hapo. Tumemzika Jumamosi. Kanisa lilijaa, watu walisimama mpaka nje, na mchungaji hakusema maneno mengi, Mungu ambariki. Baadaye tulikunywa kahawa na mkate wa iliki uani. Jiwe nimeagiza. Nimeweka na jina lako chini, kwamba mjomba wake anamlilia akiwa mbali.

Sasa nisikilize. Niliwauliza wale wavuvi kuhusu maji, maana wao wanayajua. Wakaniambia kwamba pale mashine yake ilipokutwa, mkondo huenda mashariki moja kwa moja, majira yote, na mtu akizama hapo hupelekwa mdomoni mwa mto mwaka huo huo. Hawezi kamwe kufika kisiwani. Kwa hiyo alikuwa pale kwenye matete tangu zamani. Alikuwa pale majira yote haya ya baridi, nilipokuwa naitwa kwenda magharibi.

Chumba chake nimekifanya cha wageni. Kompyuta haipo. Usiulize ilikokwenda, mimi na Hilja tulikwenda kwa mashua na tukarudi wepesi. Nitakuja kwako Septemba, nikishavuna viazi, nikae mpaka uchoke nami. Nitakuandikia kwenye karatasi mezani yale usiyoyasikia.

Swali lako siwezi kukujibu, Reino. Nimejaribu mara nyingi, kalamu inakataa. Lakini kuna jingine ambalo sikumwambia mtu tangu Machi ile aliyopotea, si wewe, si polisi, si mchungaji, nalo nakupa badala yake. Asubuhi ile Eero alikwenda kurudisha nchi kavu kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, kabla barafu haijakatika. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti ili nikamsaidie. Alinishika mabega mlangoni, akanigeuza nikatazama jikoni, akacheka.

Alisema, “Usinifuate, mama. Barafu imelegea.”

Dada yako,
Aili